UZI: Mamba wa mito na maziwa yetu, tupeane uzoefu kwa vipimo

Mpiga Kasia (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mvua zikianza tu, habari za mamba zinajaa kwenye simu, na kila habari inakuja na wataalamu wake: ukifukuzwa kimbia zigizaga, nyongo yake inamaliza kijiji, yule mkubwa wa kule mtoni ana miaka mia tatu. Humu ndani kuna watu wa wanyamapori, wafugaji wa mamba, madaktari wa mifugo na waongoza watalii. Shusheni nondo zenye vipimo: nyuzijoto, mita, siku, gramu, na sababu yake. Kama unataka kusimulia ulivyoponea chupuchupu, fungua uzi wako, tutakuja kukupa pole kule.

Naanza na utambulisho ili tusichanganye wanyama. Anayeshambulia watu na mifugo huku kwetu ni mamba wa Nile, *Crocodylus niloticus*. Zamani karibu kila mamba mkubwa wa Afrika aliwekwa kwenye jina hilo, mpaka mwaka 2011 vinasaba vilipoonyesha kwamba wale wa Afrika Magharibi ni spishi nyingine, *Crocodylus suchus*, mwenye mwili mdogo na ukorofi pungufu. Ziwa Tanganyika lina pia mamba mwenye mdomo mrefu mwembamba, mla samaki, ambaye hana habari na binadamu. Na ndugu zetu wa Kongo wanamjua mamba kibeti wa vijito vya msituni, ambaye mara chache hufika mita 2. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "kwetu mamba tunaoga naye", muulize kwanza ni mamba gani.

Daktari wa Magamba

Ukitaka kumwelewa mamba anza na joto, mengine yote yatajipanga yenyewe. Mamba hatengenezi joto la mwili, analichukua juani na majini. Anachotafuta kutwa nzima ni mwili ukae karibu na nyuzi 30 hadi 33. Asubuhi anaota jua, jua likikaza anaingia majini au anahamia kivulini, usiku wa baridi anabaki majini kwa sababu maji hupoa polepole kuliko hewa. Mwili ukipoa sana usagaji wa chakula unasimama, na nyama iliyoko tumboni inaweza kuoza kabla haijasagika. Wafugaji wengine wanapoteza mamba kwa jambo hilo hilo: wanalisha jioni ya baridi kali halafu wanashangaa.

Faida ya mpango huo ni gharama ndogo ya kuishi. Sisi tunachoma sehemu kubwa ya ugali wetu ili mwili ubaki na nyuzi 37. Mamba hana gharama hiyo, ndiyo maana mkubwa aliyeshiba anaweza kukaa miezi bila kula, na akibanwa hata zaidi ya mwaka.

Pumzi. Kuna msuli unaotoka kwenye nyonga na kuja kushika ini. Ukivuta, ini linarudi nyuma na mapafu yanapanuka. Ukilegea, misuli ya tumbo inabana, ini linasogea mbele na hewa inatoka. Ini hapo linafanya kazi ya kile kipande cha ndani cha pampu ya baiskeli. Tena hewa ndani ya mapafu hupita upande mmoja tu, akiwa anavuta au anatoa, mfumo uliodhaniwa kuwa wa ndege peke yao mpaka ulipothibitishwa kwa aligeta mwaka 2010.

Moyo una vyumba vinne sawa na wetu, ila una hila yake. Upande wa kulia unatoka mshipa mkuu wa ziada unaoelekea mwilini, na kati ya mishipa mikuu miwili kuna tundu ambalo Mwitaliano Panizza alilieleza mwaka 1833. Akizama, vali yenye vinundu kwenye njia ya mapafu inabana, na damu yenye hewa ukaa inarudishwa mwilini badala ya kupelekwa kwenye mapafu ambayo wakati huo hayana kazi. Mapigo ya moyo yanashuka sana. Kwa kawaida hazami zaidi ya robo saa. Akitulia kwenye maji ya baridi anapita saa moja. Na himoglobini yake, ile ya damu inayobeba oksijeni, inaachia oksijeni zaidi pale bikabonati inayotokana na hewa ukaa inapoongezeka, yaani kadiri anavyobana pumzi ndivyo damu inavyotoa akiba yake.

Kooni, nyuma ya ulimi, kuna kizibo cha nyama. Ndicho kinachomwezesha kufungua mdomo chini ya maji bila maji kuingia mapafuni. Lakini kumeza chini ya maji hawezi, lazima ainue kichwa. Mkiona mamba amebeba kitu na kichwa kiko juu, hapo ndipo anapomeza.

Shemeji wa Utete

Dokta, na ile ya kukaa mdomo wazi saa nzima juani?

Daktari wa Magamba

Sehemu kubwa ni kupoza kichwa. Ngozi ya juu ni nene na ina vibamba vya mfupa, haitoi jasho, kwa hiyo utando wa ndani ya mdomo ndio unaopoteza maji na joto. Lakini si hilo tu, maana wanaachama pia usiku na wakati wa mvua, hivyo kuna lugha yao ndani yake. Ulimi umeshikwa chini na utando, hawezi kuutoa nje. Juu ya ulimi huo kuna tezi za kutoa chumvi. Ndiyo maana mamba wa delta ya Rufiji au ya Tana anahimili maji ya chumvi kwa muda, japo si mamba wa bahari.

Kijana wa Kogatende

Kwa upande wa chakula, niwatoe kwenye filamu kidogo. Watu wakiona nyumbu wanavuka mto Mara, Julai hadi Oktoba, wanadhani mamba ndiye anayewamaliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria wastani wa nyumbu 6,250 wanaokufa kwa kuzama kwenye mto ule kila mwaka, nyama ya tani 1,100 hivi. Mamba wanakula takriban asilimia 2 tu ya hiyo. Ndege wala mizoga wanawazidi, na nyama iliyobaki inaozea majini ikalisha samaki na wadudu kwa miezi, mifupa kwa miaka. Nyumbu wanakufa kwa kukanyagana, kingo zenye mwinuko mkali na maji yenye nguvu.

Grumeti ni habari nyingine. Mto unakauka ukabaki mabwawa, mamba wanajibana humo, na msimu wa nyumbu kupita, Mei kuelekea Julai, ndio mlo mkubwa wa mwaka. Hapo ndipo ile hesabu ya dokta, ya kukaa miezi bila kula, inaonekana kwa macho.

Kuhusu kula: meno yake, 64 hadi 68, ni ya kushika, hayatafuni. Jino likitoka, lingine linapanda hapo hapo karibu maisha yote. Kwa kuwa hatafuni, kitu asichoweza kumeza kizima anakizungusha: anang'ata, anabana miguu ubavuni, anabiringika mpaka kipande kinachomoka. Ndiyo maana mamba wawili kwenye mzoga mmoja ni afadhali kuliko mmoja. Mmoja anashika, mwenzake anazunguka. Na ile ya "anahifadhi nyama mpaka ioze kwa sababu anapenda iliyooza" siyo sahihi. Ngozi ya kiboko au nyati mzima haichaniki, anasubiri ilainike. Ukimpa nyama mbichi laini anakula papo hapo.

Mtoto wa mamba haanzi na nyama. Chini ya mita 1 ni wadudu, buibui na vyura. Akikua ni samaki kwa wingi. Wanyama wakubwa wanaingia kwenye orodha akikaribia mita 3, na ndipo binadamu naye anapoingia.

Fundi Banda

Wakuu, mimi nashusha upande wa mayai na vifaranga, maana huko ndiko maswali yanakojaa na ndiko hasara inakotokea. Onyo kwanza: kuokota mayai porini bila kibali ni kosa. Biashara ya mamba iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori walio hatarini, na mamlaka za wanyamapori, usije ukasema ulifundishwa humu.

Jike wa mamba wa Nile hukomaa akiwa mita 2.2 hadi 2.8, porini miaka 12 hadi 15. Bandani penye joto na chakula cha kutosha anawahi. Anachimba shimo kwenye mchanga au udongo tifutifu juu ya usawa wa mafuriko, kina cha sentimita 30 hadi 50, anataga usiku, mara nyingi mayai 40 hadi 60, kila moja gramu 100 hadi 120. Anafukia, analala jirani, na kwa karibu miezi mitatu anakula kidogo sana. Kutaga kunaangukia kiangazi ili vifaranga watoke mvua zikianza, wadudu wakiwa wengi. Yule wa mdomo mwembamba na yule kibeti hawachimbi, wanakusanya majani yaliyooza wakatengeneza kichuguu, na mayai yao ni machache, makumi mawili hata hayafiki.

Kuhamisha mayai kuna kanuni moja inayovunjwa kila siku. Ndani ya saa 24 za kwanza kiinitete kinapanda na kujishikiza sehemu ya juu ya ganda. Kabla ya hapo yai linavumilia. Baada ya hapo ukiligeuza unakiua, na hutajua mpaka siku ya 90 unapofungua yai bovu. Kwa hiyo: fukua kwa mkono, asubuhi pakiwa na ubaridi. Kabla hujainua yai weka alama juu yake kwa penseli, siyo kalamu ya wino mzito, kwa sababu kemikali ya wino inapenya ganda. Liinue lilivyo, lipange kwenye boksi lenye mchanga wa kiota au vamikulaiti (chenga nyepesi za madini zinazoshika maji) yenye unyevu, alama ikitazama juu. Barabara ikiwa ya makorongo, gari liende polepole.

Rutuba unaiona bila mashine. Siku ya kwanza au ya pili yai lenye uhai linaanza doa jeupe juu, halafu doa linakuwa mshipi unaozunguka katikati na kupanuka kuelekea ncha zote mbili. Lisilo na mshipi baada ya wiki moja, toa, litaleta ukungu kwa mengine.

Mashine ya kutotoleshea: nyuzi 31 hadi 32, unyevu wa hewa zaidi ya asilimia 90, mayai yasikae ndani ya maji. Mwezi wa mwisho fungua hewa zaidi, viinitete vikubwa vinahitaji oksijeni nyingi na ndipo watu wenye mashine iliyozibwa sana wanapoua kiota kizima. Chini ya nyuzi 28 au juu ya 35 utapata vifo, mikia iliyopinda na taya fupi.

Sasa jinsia. Mamba hana kromosomu za jinsia, joto ndilo linaloamua, katikati ya kipindi cha kuatamia. Kwa mamba wa Nile madume wanatoka takriban kati ya nyuzi 31.7 na 34.5, chini na juu ya hapo ni majike. Tofauti ya nyuzi moja kwenye kipimajoto kibovu inakubadilishia kundi zima. Porini jambo hilo hilo lilionekana ziwa la St Lucia huko Afrika Kusini: gugu vamizi la *Chromolaena odorata* lilifunika kingo za kutagia, kivuli chake kikapoza udongo kwa nyuzi 5 hadi 6, joto ambalo linatoa majike watupu au linaua kabisa. Huko anayesimamia hifadhi anatumia panga kabla ya kutumia bunduki.

Wakikaribia kutoka wanalia ndani ya mayai, sauti ya koo fupi fupi. Mmoja akianza wengine wanaitikia na wote wanatoka pamoja. Porini mama anasikia, anafukua, anabeba vifaranga mdomoni na kuwapeleka majini. Yai linaloshindwa kupasuka analiviringisha taratibu kati ya ulimi na kaakaa mpaka linafunguka. Kifaranga ana urefu wa sentimita 28 hadi 30 na kinundu kigumu puani cha kutobolea ganda.

Mama Kambare

Na kati ya hao wangapi wanafika ukubwani?

Fundi Banda

Wachache mno, porini inasemwa asilimia 1 au 2. Adui mkubwa wa mayai ni kenge. Anamvizia mama akienda kunywa maji, anafukua kwa dakika chache. Fisi, nyani na nyegere nao wamo. Vifaranga wanaliwa na korongo, kambare, kobe wa majini na mamba wenyewe. Mama anawalinda wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, lakini dume jirani hana huruma. Kwa hiyo bandani usichanganye umri kamwe.

Nimalizie upande wa kulisha. Kifaranga anatoka na kiini cha yai tumboni. Usimlishe mpaka kitovu kifunge, kwa kawaida siku chache hadi wiki. Maji yawe nyuzi 31 au 32, kina cha sentimita chache mwanzoni, na pawe na kificho; kifaranga asiye na pa kujificha anarundikana na wenzake kona moja, wa chini anazama. Magonjwa ya lishe ni matatu, na yote yanaletwa na mkono wa mfugaji:

Nyama tupu bila mfupa inaleta upungufu wa kalsiamu. Taya linakuwa laini, meno yanapenyeza mwanga, mgongo unapinda. Dawa ni kusaga na mifupa au kuongeza unga wa mifupa.

Samaki waliogandishwa, kila siku na peke yao, wengine wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mamba anaangalia juu, anapoteza mwelekeo, anazunguka.

Samaki wa mafuta walioanza kuharibika wanamaliza vitamini E, mafuta ya mwilini yanavimba na kuwa magumu ya rangi ya njano. Mamba anakufa akiwa mnene. Ugonjwa huo ndio uliowaua mamba wengi wa mto Olifants ndani ya hifadhi ya Kruger mwaka 2008, porini kabisa.

Na msongamano. Mamba aliyeng'atwa tumboni ngozi yake inashuka daraja, na bei iko tumboni. Ngozi ya mamba wa Ziwa Turkana haikupendwa na wafanyabiashara kwa sababu ya vinundu vya mfupa kwenye magamba ya tumbo. Hilo limewaokoa wengi wakati mamba wa mito mingine wakimalizwa kwa ajili ya ngozi.

Mzee wa Nyongo

Mmefika kwenye biashara, basi tuseme na hili. Sehemu nyingi mamba akiuawa lazima nyongo itolewe mbele ya mashahidi na kuteketezwa, kwa imani kwamba ni sumu ya kuwekea pombe.

Daktari wa Magamba

Desturi naijua na sitaki kuidharau, inapunguza kunyoosheana vidole kijijini. Lakini ushahidi haupo. Januari 2015 huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Neno la kwanza lilikuwa nyongo ya mamba. Vipimo vya maabara vikaonyesha asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria *Burkholderia gladioli* kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Anayepika pombe ahangaike na unga uliolowa.

Ndugu wa Bujumbura

Kutoka Burundi, kwa kuwa lazima mtauliza: Gustave, yule mamba mkubwa anayesifika kwa kula watu. Ruzizi na ufukwe wa kaskazini wa Tanganyika. Mfaransa Patrice Faye alimfuatilia miaka mingi, alijengewa mtego wa chuma wa karibu tani moja, hakuingia. Makadirio yalizidi mita 6. Ile hesabu kwamba amekula watu 300 hakuna aliyeifanya, ni ya kuongezeana barazani. Umri nao ulianza kutajwa mia moja, mpaka walipoona meno yake yako kamili wakashusha hadi sitini hivi. Mamba mzee kweli hupoteza meno na hayarudi.

Zigi Zaga

Sasa jamani zigizaga inafanya kazi au haifanyi?

Kijana wa Kogatende

Haifanyi, na inakupotezea muda. Mamba hafukuzi mtu nchi kavu. Mbio zake za kilomita 12 au 14 kwa saa zinadumu mita chache, baada ya hapo misuli inajaa asidi. Kimbia moja kwa moja mbali na maji. Hatari iko kwenye hatua ya mwisho kabla ya maji, anakorukia.

Zigi Zaga

Naona nibadilishe jina.

Afisa Nyanda

Niongeze kinga, kwa sababu vifo vingi vinatokea kwenye kazi za kila siku: kuteka maji, kufua, kuoga, kuvua kwa miguu.

Mamba anakuona kabla hujamwona. Macho, masikio na pua viko juu ya kichwa kwenye mstari mmoja, na jicho lake limepangwa kuona upeo wote wa ukingo bila kugeuza kichwa. Kwenye taya, na hata magamba mengine ya mwili, kuna vidoti vidogo vyeusi. Hivyo ni vihisio vya mguso, vinasoma mtikisiko wa maji. Vipimo vya mwaka 2012 vilionyesha vinahisi vitu ambavyo ncha ya kidole cha binadamu haihisi. Ndoo yako ikigusa maji gizani, ameshajua ni wapi. Na anajifunza ratiba. Akiona watu wanakuja sehemu moja saa ile ile, kesho atakuwa amezama pale pale.

Kwa hiyo badilisheni sehemu na saa. Tekeni maji kwa ndoo yenye kamba, mkisimama mita 3 au zaidi kutoka ukingoni, siyo kuinama. Epukeni jioni, usiku na alfajiri, na muwe makini zaidi miezi ya joto na mvua, maana ndipo wanapokula sana, maji yanapochafuka na majike wanapolinda viota. Msiparuze samaki wala kutupa matumbo penye kuteka maji. Hili la matumbo ya samaki nalirudia: mialo mingi inawafuga mamba bila kujua. Mtumbwi mdogo mikono ibaki ndani.

Kizimba cha kuchotea maji kinasaidia kikijengwa vizuri. Nguzo zishuke kwenye tope mpaka ardhi ngumu, nafasi kati yake isizidi upana wa kiganja, ukuta upite usawa wa maji ya masika na si wa kiangazi, na upande wa nchi kavu nao uwe na lango, maana mamba hupanda ukingoni na kuingia kwa nyuma. Wavu ukaguliwe kila wiki. Kizimba chenye tundu ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu watu wanaingia wakiwa wametulia.

Akishakamata: shika chochote kilichosimama imara, watu wakuvute. Choma macho kwa vidole gumba. Kupiga pua na mgongo ni kujichosha. Mkono ukiwa umeingia ndani kabisa, sukuma kile kizibo cha koo ambacho dokta alikitaja, maji yakiingia kooni huachia. Kufungua taya kwa nguvu msijaribu. Mamba wa maji chumvi alipimwa nyutoni 16,414, sawa na uzito wa kilo 1,670 hivi. Misuli ya kufungua ni dhaifu, lakini hilo linamsaidia anayemfunga, halikusaidii wewe uliye ndani.

Kidonda: bana damu kwa kitambaa safi, osha kwa maji safi mengi na sabuni, hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni matundu madogo. Meno yanapeleka bakteria wa majini ndani ya nyama, wengine si wa antibiotiki za kawaida. Daktari mara nyingi ataacha kidonda wazi kwanza badala ya kushona, msimlaumu. Sindano ya pepopunda lazima.

Wakili wa Garsen

Kwa wa Kenya: Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamtaja mamba kwenye orodha ya fidia, kifo shilingi milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3, jeraha lingine hadi milioni 2. Ripoti KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) mapema, fomu ya daktari na ripoti ya polisi ndivyo vinavyokwamisha watu. Tanzania wanaita kifuta machozi, kanuni za 2011, unaanzia serikali ya kijiji kwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Tochi ya Usiku

Kwa wanaotaka kuwahesabu kabla ya kulalamika kwamba wameongezeka. Usiku usio na mbalamwezi, maji yakiwa yamepungua, upepo hafifu. Tochi kali shikilia usawa wa macho yako, siyo kiunoni, la sivyo mwanga haukurudii. Nyuma ya jicho kuna tabaka linaloakisi, linarudisha rangi nyekundu au ya chungwa. Boti iende mwendo ule ule, andika joto la maji na la hewa, na urudie njia hiyo hiyo. Weka makundi: chini ya mita 1, mita 1 hadi 2, 2 hadi 3, zaidi ya 3, na kundi la "macho tu" kwa wanaozama kabla hujakaribia. Wakubwa ndio wanaozama mapema, kwa hiyo orodha yako itakuwa na upungufu wa wakubwa. Ukipata kichwa chote, pima kwa jicho kuanzia pua hadi nyuma ya fuvu, zidisha mara saba, huo ndio urefu wa mwili kwa makadirio.

Shemeji wa Utete

Na akikamatwa hai wa kuhamishwa, mbona wengi wanakufa njiani?

Daktari wa Magamba

Kwa sababu anayekamata anataka amchoshe. Mamba mkubwa akipigana anatumia nguvu isiyotegemea oksijeni, asidi ya laktiki inajaa kwenye damu na inachukua saa nyingi kuondoka. Akionekana ametulia anaweza kuwa anakufa. Mapambano yawe mafupi: kitanzi kwenye taya la juu, gunia lililolowa juu ya macho, taya zifungwe kwa kamba nyuma ya pua bila kuziba matundu ya pua. Kamba ya mtego isimwache chini ya maji, mamba anazama na kufa vizuri tu. Kivulini muda wote, mwili ukipita nyuzi 38 hivi humpati tena. Mkifika, mfungueni ukingoni kichwa kikiwa nchi kavu, aingie majini kwa wakati wake. Mkimsukuma ndani akiwa amechoka hatapandisha pua juu.